Kengele Isipite Njia Iliyokatika

Wanunuzi wa korosho wa Masasi na Newala huuliza mambo mawili kabla ya mnada: bei ya soko la dunia na unyevu wa mzigo ghalani. Ukurasa huu unashauri waongeze la tatu. Mtandao ukikatika, nani atapata habari, na kwa njia ipi?

Swali hili si la mafundi peke yao. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), badala ya zabuni za kutumbukizwa sandukuni. Mnada wa kwanza wa TANECU msimu huo, Oktoba 2024, kilo ilivuka shilingi 4,000. Kwa bei hiyo tani 100 ni zaidi ya shilingi milioni 400. Laini ikifa katikati, mnunuzi hajui kama bei yake imefika, na wakulima hawajui wakubali ipi.

Mei 12, 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchini. Bahati nzuri msimu ulikuwa bado.

Mitambo ya kusimamia mtandao huwekwa ili ipige kengele laini inapokatika. Kasoro ya kawaida ni kwamba kengele hiyo hutumwa kwa baruapepe, kupitia laini ile ile iliyokatika! Fundi anaiona simu yake kimya, anadhani mambo shwari.

Wasafirishaji wa Masasi hawahitaji kufundishwa haya. Barabara ya Dar es Salaam ikikatika Somanga, kama Mei ile ile baada ya Kimbunga Hidaya, ipo ya Tunduru na Songea. Kengele nayo ipewe Tunduru yake. Modemu ndogo yenye laini ya simu huunganishwa kwenye seva, ikatuma ujumbe mfupi bila kutegemea intaneti. Laini iwe ya kampuni nyingine, isiyotumia mnara ule ule. Laini mbili juu ya mnara mmoja ni njia moja tu. Betri iwepo pia.

Hata hivyo, seva iliyozimika haitumi chochote. Kwa hiyo mtambo wa pili, ulio mji mwingine, usubiri ishara kila baada ya dakika chache. Isipofika, huo wa pili ndio upige kengele. Fundi asipojibu ndani ya dakika 10, ujumbe uende kwa mwenzake, kisha kwa meneja (asiwe yule anayezima simu saa mbili usiku).

Gharama wabebe wanunuzi na waendesha mnada. Makato ya mkulima yametosha. Majaribio yafanywe Septemba, kabla mzigo haujajaa maghalani: waya uchomolewe makusudi na dakika zihesabiwe. Mnunuzi atakayeuliza matokeo akajibiwa kwamba mtaalamu yupo Dar es Salaam, asiweke fedha yake hadi apate jibu jingine.