Kisu cha chuma cha msumeno: acha kuangalia mpini

Juzi kijana mmoja mwenye kitalu cha parachichi alinitumia picha ya kisu. Ubapa unang'aa kama kioo, mpini wa pembe una mistari mizuri, yaani ukiushika unajiona mwindaji. Akaniandikia: "Afisa, shikamoo. Muuzaji anasema ni chuma cha msumeno, mpini ni pembe ya kulungu. Elfu ishirini na tano. Nichukue?" Nikamwambia subiri kwanza, hili nitaliandika kabisa. Maana kwenye hili na mimi nina deni.

Msimu fulani huko nyuma nilikishauri kikundi kinunue visu 10 vya namna hiyo kwa ajili ya kubebesha miche. Niliangalia nini? Mpini. Nilishika kimoja, nikakiona kizito, kimekaa vizuri mkononi, nikasema hiki ndicho. Miche kama 40 tu, makali yakalala. Vijana wakawa wanasukuma badala ya kukata, kikonyo kinachanika, ganda linabonyea. Na mnajua mche unavyoshika: lile tabaka la kijani chini ya ganda la kikonyo lazima ligusane na lile la shina. Mkato ukiwa na mawimbi, katikati panabaki uwazi, kikonyo kinakauka. Tulipoteza zaidi ya nusu ya miche ile. Nililaumu vikonyo, nikalaumu jua, nikamlaumu hata aliyefunga nailoni. Kisu sikukilaumu mpaka fundi mmoja mfua chuma alipopitisha tupa kwenye makali yake na tupa ikala kama inakula msumari. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa sikilizeni. "Chuma cha msumeno" si jina la chuma kimoja. Msumeno mkubwa wa duara wa kupasulia mbao, ule wa zamani ambao meno yake yamechongwa kwenye bapa lenyewe, ni chuma kizuri chenye kaboni ya kutosha kuchukua makali. Lakini misumeno mingi ya siku hizi meno yake ni vipande vigumu vilivyochomelewa pembeni. Kazi yote wanafanya wao, bapa kazi yake ni kuwabeba tu, kwa hiyo si lazima liwe la kisu. Msumeno wa kukatia chuma nao una hadithi yake. Ule mnene wa mashine, wa zamani, ulikuwa mgumu mwili mzima. Unakaa na makali muda mrefu ila ukiupinda unakatika kama glasi. Wa sasa mara nyingi umeunganishwa vyuma viwili: ugumu uko kwenye ukanda mwembamba wa meno, mgongo ni laini. Fundi akiyasaga meno yote ili atoe kisu, ameshatupa chuma kizuri na amekuuzia mgongo.

Hata ukipata bapa zuri, bado. Msumeno wa mbao hutengenezwa usiwe mgumu sana, ili meno yake yaweze kunolewa kwa tupa na usivunjike ukikutana na fundo. Kisu kinataka ugumu zaidi ya hapo. Kwa hiyo fundi anayejua kazi atakichoma, atakizamisha kwenye mafuta, kisha atakirudishia moto kidogo ili kisiwe kama chupa. Fundi mwenye haraka anakata tu kwa grainda, ananoa, anang'arisha. Mbaya zaidi, anasaga bila maji mpaka makali yanageuka bluu. Kwa chuma cha kaboni bluu hiyo maana yake moto umeshapita kiasi na ugumu umeondoka. Halafu anapitisha msasa, bluu inafutika, wewe huoni kitu. Ndiyo maana mimi siku hizi simwamini fundi asiye na ndoo ya maji karibu na mashine yake.

Ukienda kununua, beba tupa ndogo. Iguse kwenye makali karibu na mpini, mahali pasipokatia. Ikiteleza kidogo, ni dalili njema. Ikizama na kutoa unga, rudisha. Kisha egemeza makali kwenye msumari, kisu kikiwa kimelala, ukandamize taratibu. Makali yajipinde kidogo na yarudi. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka ni magumu kupita kiasi. Muuzaji akikuletea sumaku kukuthibitishia ubora, mshukuru na umrudishie. Sumaku inashika hata msumari wa bati.

Kwa kubebesha, taka kisu kilichonolewa upande mmoja. Upande wa pili ukiwa bapa kabisa, mkato unatoka umenyooka.

Tuje kwenye huo mpini. Wazungu wa Sheffield na Solingen waliweka kwenye visu pembe za kulungu wa aina nyingine, ambaye huangusha pembe na kuota nyingine. Kulungu wetu haangushi. Pembe yake imetoka kwa mnyama aliyekufa, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hiyo ni nyara ya serikali. Kukaa nayo bila kibali ni kosa, na "nilinunua sokoni" si utetezi wa kwenda nao kituoni. Mara nyingi muuzaji anadanganya tu, ni pembe ya ng'ombe au plastiki. Gusa kwa sindano ya moto mahali pa siri: pembe inanuka nywele zilizoungua, plastiki inanuka plastiki. Ya ng'ombe haina shida na sheria, ila ikilowa na kukauka mara kwa mara inajikunja na kuachia nafasi, utomvu unaingia humo na vimelea vinapanda basi kutoka mche hadi mche. Kitaluni mimi nachagua mti wa kawaida au plastiki ngumu, unafuta kwa spiriti baada ya kila mche na unasonga mbele. Ukitumia jiki, suuza, kausha, paka mafuta, la sivyo kutu itakusalimia asubuhi.

Yule kijana alinipigia jana. Muuzaji amekataa tupa isiguse kisu chake. Elfu 25 ziko mfukoni bado, na mimi namtafutia fundi mwenye kipande cha msumeno wa mbao na ndoo ya mafuta.