Natoka Kwenye Ile Sayari Ndogo

Vijana wenzangu mnaoandika, leo sina salamu ndefu. Nimechoka na hadithi zenu za vita vya angani!

Si kwamba magemu yenyewe siyapendi. Hapa Baleni nami nacheza, chaji ikiwepo na bando likiruhusu. Nimekesha na washkaji tukipanga miungano: nani alinde njia, nani asombe madini, nani tumzuge kuwa ni rafiki mpaka siku yake ifike. Raha tupu. Ninachokataa ni hizi hadithi mnazoleta jaridani: jemadari mmoja, bunduki za mwali, dakika tano adui chali. Huo si mchezo, wala si vita.

Chukueni EVE Online, mchezo uliotoka Aisilandi mwaka 2003. Januari 2014 muungano mmoja ulishindwa kulipia ada ya eneo lake, liitwalo B-R5RB. Ada tu, kama kodi ya chumba! Maadui wakavamia, washirika wa kila upande wakaitana, wakatwangana saa 21. Wachezaji zaidi ya 7,000 waliingia humo. Meli za Titan, zile kubwa kuliko zote, ziliteketea 75, na hasara ilikadiriwa kufika dola 300,000 za kweli. Kisa bili! Nionyesheni hadithi yenu moja yenye bili.

Haya, hilo nasamehe. Lisilosameheka ni hili. Kila gemu la namna hii lina sayari ndogo isiyo na kitu. Unaiteka kwa sababu iko jirani na kile unachokitaka. Hujiulizi nani anaishi pale. Basi mimi natoka hukohuko.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa mezani, na kisiwa cha Mafia kikaandikwa kwenye mkataba wao kwa jina, kiende kwa Mjerumani. Kete imehamishwa shimo. Ikaja vita. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliipiga Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ng'ambo yetu. Manowari kubwa za Waingereza haziwezi kuingia, maji ni mafupi. Wafanyeje? Januari 1915 wakateremsha askari Mafia, wakakiteka kisiwa, wakatengeneza kiwanja cha ndege. Wakaletewa Severn na Mersey, meli bapa zilizojengwa kwa ajili ya Brazil, zikavutwa kutoka Malta. Julai 6 zikajaribu, zikashindwa. Julai 11 zikarudi. Ndege iko juu, inatazama makombora yanaangukia wapi na kuwaambia wapiga mizinga: sogeza, punguza, hapohapo! Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe. Halafu wakaiopoa mizinga yake, wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Jeuri hiyo!

Mnaona utamu wa mbinu ulipo? Uko kwenye kina cha maji, na kwenye jicho la yule aliye juu. Lakini vitabu vinataja meli na maofisa. Aliyekuwa juu ya mnazi asubuhi ile, akasikia mngurumo unapita kichwani mwake kuelekea Rufiji, hana jina. Hakuulizwa yuko muungano gani. Nanyi, wajukuu wa watu waliochezewa hivyo, mkishika kalamu mnakimbilia kiti cha jemadari!

Najua mtasema nawakataza anga, niwarudishe kwenye madau na minazi. Sijasema. Andikeni anga mpaka wino ukauke, ila kamera iwe chini, kwenye sayari.

Mhariri akinibania kwa kuwa nimewagusa rafiki zake, poa tu. Nina hadithi ya mama mmoja anayeanika mbata kwenye mwezi wa sayari fulani, na meli zinateremka bila hodi, na mmoja wa askari anamwomba maji. Bado sijaamua kama atampa.