Diski za DVD: Kuhamisha Kwanza, Kubana Baadaye

Katika makabati ya shule nyingi za sekondari, na katika nyumba nyingi zaidi, zimo diski za DVD zilizokusanywa tangu miaka ya mwanzo ya karne hii: majaribio ya kemia, tamthilia za wanafunzi, mahafali, arusi, mahubiri, na filamu zilizonunuliwa Kariakoo mjini Dar es Salaam au katika mtaa wa River Road mjini Nairobi. Diski zenyewe zingali zinang'aa, lakini vyombo vya kuzisoma vinapungua. Kompyuta nyingi za kubebeka zinazouzwa siku hizi hazina kiendeshi cha diski, na simu, ambayo ndiyo chombo cha kutazamia picha kwa watu wengi, haikupata kuwa nacho. Ndiyo sababu watu wanahamisha yaliyomo katika diski zao na kuyafanya faili za kompyuta.

Jambo hilo ni jema, nalo limechelewa. Hata hivyo, namna linavyofanywa mara nyingi huleta hasara. Mwenye diski huiingiza katika kompyuta, huchagua faili ndogo kabisa inayowezekana, huitazama kwa dakika mbili tatu katika kioo cha simu, kisha huitupa diski. Kwa kufanya hivyo amefanya kazi mbili tofauti kwa mkupuo mmoja: amehamisha na amebana. Kuhamisha hakupunguzi kitu. Kubana hupunguza, na kilichopunguzwa hakirudi. Makala haya yanadai kwamba kazi hizo mbili hazina budi kutenganishwa, na kwamba shule ndizo zinazopaswa kutoa mfano.

Kilichomo ndani ya diski

Diski za DVD zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1996. Kila moja ina kipenyo cha sentimeta 12, nayo imeundwa kwa mabamba mawili ya plastiki yaliyogundishwa pamoja, kila bamba likiwa na unene wa milimita 0.6. Habari huandikwa katika mstari mmoja mrefu unaozunguka kuanzia katikati kwenda ukingoni. Katika CD, mzunguko mmoja wa mstari huo huwa mbali na wa pili kwa mikrometa 1.6, katika DVD umbali huo umepungua ukawa mikrometa 0.74, na mwanga wa leza unaousoma una urefu wa wimbi wa nanometa 650 badala ya 780. Kwa sababu ya ufinyu huo diski yenye tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, na yenye tabaka mbili katika upande mmoja hubeba gigabaiti 8.5.

Kiasi hicho huonekana kikubwa mpaka mwanafunzi anapokipima kwa hesabu. Picha moja katika mfumo wa PAL, uliotumika Afrika ya Mashariki, ina nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Katika kila sekunde huonyeshwa picha 25. Hata baada ya kupunguza habari za rangi ili kila nukta ichukue wastani wa biti 12 tu, sekunde moja inahitaji biti 124,416,000, ambazo ni zaidi ya baiti milioni 15. Kwa mwendo huo diski ya gigabaiti 4.7 ingejaa baada ya dakika 5 tu. Lakini diski hiyo huonyesha filamu ya saa mbili.

Ni dhahiri basi kwamba picha zilizomo katika DVD zimekwisha kubanwa tangu kiwandani, au ndani ya mashine iliyozirekodi. Kama saa mbili zimeenea katika gigabaiti 4.7, habari zimepunguzwa hadi kufikia wastani wa biti milioni 5.2 kwa sekunde, yaani kiasi cha sehemu moja kati ya 24. Watu wengi huidhania diski kuwa ndiyo asili yenyewe, kumbe nayo ni muhtasari.

Namna picha zinavyobanwa

Njia iliyotumika katika DVD huitwa MPEG-2, nayo hutegemea mambo mawili. La kwanza ni kwamba picha zinazofuatana hufanana. Mwalimu akisimama mbele ya ubao, ubao haubadiliki. Panapobadilika ni mkono wake. Kwa hiyo mashine huandika picha moja kamili, kisha kwa picha zinazofuata huandika tu kilichosogea na kilipoelekea.

La pili ni kwamba jicho la binadamu halioni mambo yote kwa usawa. Picha hugawanywa katika vipande vya nukta 8 kwa 8, na kila kipande hugeuzwa kwa hesabu ya mawimbi ambayo Nasir Ahmed na wenzake wawili, T. Natarajan na K. R. Rao, waliitangaza mwaka 1974. Hesabu hiyo hutenganisha mabadiliko ya taratibu, ambayo jicho huyaona vizuri, na mabadiliko ya haraka, ambayo jicho huyaona kwa shida. Baada ya hapo namba za mabadiliko ya haraka hukadiriwa kwa ukali zaidi, na nyingi huwa sifuri. Hapo ndipo habari nyingi hutupwa.

Kukadiria si jambo geni kwa mwanafunzi. Achukue namba 44. Akiikadiria hadi kumi iliyo karibu, atapata 40, na kosa ni 4. Lakini akianza kwa kuikadiria hadi tano iliyo karibu atapata 45, na akiikadiria hiyo 45 hadi kumi iliyo karibu atapata 50. Kosa sasa ni 6. Hatua mbili, ambazo kila moja ni halali, zimempeleka mbali zaidi kuliko hatua moja. Tena, anayepewa 40 peke yake hawezi kujua kama namba ya mwanzo ilikuwa 38, 41 au 44, hata akitumia kikokotoo bora kuliko vyote.

Hayo ndiyo yanayozipata picha. DVD ni makadirio ya kwanza. Anayeibadili iwe faili ndogo kwa njia ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, anafanya makadirio ya pili. Akiichukua faili hiyo ndogo na kuibana tena ili itoshe katika simu, anafanya ya tatu. Walimu wanaolifahamu karatasi la mtihani lililorudufiwa kutoka katika rudufu ya rudufu watalielewa jambo hili bila maelezo zaidi: michoro hutangulia kupotea, kisha tarakimu ndogo.

Ubora wa njia mpya haukanushiki. H.264, na H.265 iliyoifuata mwaka 2013, hulinganisha picha kwa ustadi mkubwa kuliko MPEG-2, na saa mbili zilizochukua gigabaiti 4.7 zaweza kutunzwa kwa biti milioni 1.5 kwa sekunde, yaani gigabaiti 1.35, bila mtazamaji wa kawaida kulalamika. Lakini hapana njia mpya inayoweza kurudisha kilichotupwa na ile ya zamani. Vilevile, anayeikuza picha ya nukta 720 kwa 576 ifikie upana wa nukta 1920 hupata faili kubwa zaidi bila kupata habari mpya hata moja.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa mara nyingi. Kamera nyingi za zama hizo zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde: kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Programu za kubana mara nyingi huziunganisha nusu hizo ziwe picha 25 kamili, na mwendo uliokuwa laini hupungua ulaini wake. Kwa mahafali hasara hiyo ni ndogo. Kwa diski inayoonyesha pendulamu ikibembea, ambayo mwanafunzi wa fizikia angetaka kuipima hatua kwa hatua, nusu ya vipimo imepotea.

Hoja ya nafasi

Wapo watakaosema kwamba nafasi ya kutunzia ni ghali, na kwamba shule haina uwezo wa kuweka nakala kamili. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Leo ipimwe kwa namba. Diski 100 za tabaka moja, hata zikiwa zimejaa zote, ni gigabaiti 470. Diski ngumu ya nje ya terabaiti moja hubeba gigabaiti 1,000. Kabati zima la shule laweza kuingia katika chombo kimoja kinachoenea mkononi, na nusu ya nafasi ikabaki. Faili ndogo za kutazamwa na wanafunzi, zikiwa na gigabaiti 1.35 kila moja, zitaongeza gigabaiti 135 tu.

Kwa hiyo hapana haja ya kuchagua kati ya nakala kamili na faili ndogo. Nakala kamili hutunzwa. Faili ndogo hutumiwa. Siku njia iliyo bora zaidi itakapopatikana, faili ndogo nyingine itatengenezwa kutoka katika nakala kamili, wala haitatengenezwa kutoka katika faili ndogo ya zamani.

Hoja ya muda

Wengine watasema kwamba diski zinakaa salama kabatini na hakuna haraka. Hao wanadanganywa na uhodari wa diski yenyewe. Habari zake zimeandikwa pamoja na namba za ziada za kusahihishia makosa, hivyo mkwaruzo mdogo au sehemu iliyochakaa hurekebishwa bila mtazamaji kujua. Makosa yanapozidi uwezo wa namba hizo, picha hukwama ghafula. Diski yaweza kuonekana nzima leo ilhali imebakiwa na akiba ndogo tu ya usalama.

Hatari ni kubwa zaidi kwa diski zilizorekodiwa nyumbani au studio ndogo za mitaani. Diski ya kiwandani imechapwa kwa vishimo katika plastiki. Diski ya DVD-R huandikwa kwa leza inayobadilisha rangi ya kikaboni, na rangi hiyo hudhoofishwa na mwanga, joto na unyevu, mambo ambayo mji wa pwani hauyakosi. Nazo ndizo diski zenye arusi, mazishi, hotuba za wazee na michezo ya wanafunzi, yaani mambo ambayo pengine hayana nakala nyingine popote. Diski hizo zitangulizwe.

Hoja ya haki

Kuimiliki diski si kuimiliki kazi iliyomo. Filamu nyingi za kigeni zilifungwa kwa kufuli ya hesabu iitwayo CSS, yenye ufunguo wa biti 40. Mwaka 1999 ilisambazwa programu ya kuifungua, na kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, aliyehusika nayo, alishtakiwa. Mahakama za nchi hiyo zilimwachia huru mwaka 2003. Marekani nayo ilikwisha kukataza kuvunja kufuli za namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1998, isipokuwa kwa ruhusa maalumu zinazopitiwa kila baada ya miaka mitatu. Uingereza iliruhusu mwaka 2014 mtu kunakili kazi alizonunua kwa matumizi yake binafsi, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaitangua ruhusa hiyo. Yaonekana basi kwamba hata mataifa yenye uzoefu mrefu wa jambo hili hayajakubaliana.

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Tanzania Bara ina yake ya mwaka 1999. Mwalimu anayekusudia kunakili filamu ya mtu mwingine hana budi kuuliza kwanza, na kwa filamu za Kiswahili mwenye haki mara nyingi yuko karibu na anaweza kuombwa. Lakini utata huo usiwe kisingizio cha kuyaacha yale yaliyorekodiwa na shule au familia yenyewe. Hayo kwa kawaida hayana kufuli, na wanaohusika wanajulikana.

Linalopaswa kufanywa

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa. Kwanza, diski ifutwe kwa kitambaa laini kuanzia katikati kuelekea ukingoni, kisha yaliyomo yote yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na folda ya VIDEO_TS nzima. Pili, nakala hiyo itazamwe mwanzo, katikati na mwisho, na iwekwe katika vyombo viwili vinavyokaa mahali pawili tofauti. Tatu, ndipo itengenezwe faili ndogo. Programu ya bure ya HandBrake, iliyoanza mwaka 2003, yatosha kwa kazi hiyo. Katika kipimo chake cha ubora kwa H.264, ambapo namba ndogo humaanisha picha bora zaidi, picha za ukubwa wa DVD hupewa kwa kawaida kati ya 18 na 22. Nne, iandikwe katika daftari tarehe, jina la diski, na hali yake.

Klabu ya sayansi ya shule yaweza kuifanya kazi hii katika muhula mmoja, nayo itakuwa somo la hesabu, la fizikia na la historia kwa pamoja. Wanafunzi waibane diski moja kwa viwango vitatu vya ubora, wapime ukubwa wa kila faili, na wasimamishe picha mahali palipo na maandishi ya ubaoni ili waone ni lini hayasomeki tena. Wakiisha kuliona hilo kwa macho yao, hawataitupa diski kwa sababu tu faili imeingia katika simu.