Nilishinda Mjadala, Lakini Sikusema Kweli Yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipinge maneno yaliyosemwa katika ukumbi wa shule yetu muhula uliopita. Nimengoja nione kama atatokea mtu wa kuyapinga, lakini hakutokea. Basi imenipasa niyapinge mwenyewe, maana aliyeyasema ni mimi.

Waliokuwapo watakumbuka. Chama cha Majadiliano kilituletea hoja hii: "Barabara za Dar es Salaam sasa ni salama kuliko zamani." Nilipangwa upande wa kuunga mkono, na nilifurahi, kwa kuwa kwetu ni Mbagala na nilijiona naijua Dar es Salaam kuliko wenzangu. Nilisimama nikataja mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016. Nikataja daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo, lililofunguliwa mwaka 2021. Kisha nikatoa silaha yangu kubwa, nayo ni hesabu. Nilisema kwamba katika Tanzania nzima, vifo vya ajali za barabarani vilivyoandikwa na serikali vilikuwa 4,002 mwaka 2013, na mwaka 2016 vilikuwa 3,256. "Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "ni pungufu ya watu 746! Nani atakayebishana na hesabu?"

Hakubishana mtu. Makofi yalipigwa mpaka kengele ikalia, na vijana wa bweni letu walinibeba juu kama mfungaji wa goli.

Kesho yake Mwalimu wetu wa Hisabati aliniita. Hakunigombeza. Aliniambia, "Hesabu yako ya kutoa ni sahihi. Sasa nenda kasome safu ya pili."

Nilijua mara moja anasema nini, na niliona haya. Tarakimu zangu nilizitoa katika taarifa mbili za Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2015 na ya mwaka 2018. Katika majedwali ya taarifa hizo kila nchi ina safu mbili. Ya kwanza ni ya vifo vilivyoandikwa na nchi yenyewe. Ya pili ni ya vifo ambavyo wataalamu wanakadiria kwamba vilitokea kweli, baada ya kupima mambo mengine kama idadi ya watu na ya magari. Safu ya pili niliiona tangu mwanzo. Niliiacha kwa sababu haikunisaidia.

Safu hiyo yasema hivi: mwaka 2013 vifo 16,211, mwaka 2016 vifo 16,252. Kwa hiyo, wakati safu ya kwanza ilipopungua kwa watu 746, safu ya pili iliongezeka kwa watu 41. Tena mwaka 2016 ya pili ilikuwa karibu mara 5 ya ya kwanza.

Najua atatokea mtu aseme kwamba makadirio si hesabu, huenda yamezidi. Nakubali. Lakini hata ukiyagawa nusu, bado yatakuwa 8,126, nayo ni zaidi ya mara mbili ya vifo vilivyoandikwa. Mwingine atasema kwamba kwa kila watu 100,000, waliokufa walipungua kutoka 32.9 mpaka 29.2. Ni kweli, maana watu wa nchi yetu waliongezeka katika miaka ile. Lakini makaburi hayakupungua.

Basi nikajiuliza: watu hawa ambao hawamo katika safu ya kwanza ni akina nani? Wanapoteaje? Jibu nililipata nyumbani, wakati wa likizo.

Mwaka 2019 nilikuwa darasa la tano. Mwenzangu wa dawati moja aligongwa na motokaa asubuhi, alipokuwa akivuka barabara kuu kwenda shule. Dereva hakusimama. Siku ya nane mwenzangu alifariki. Sisi watoto tulikwenda msibani na sare zetu, na kwa muda mrefu nafasi yake katika dawati letu haikukaliwa na mtu. Nimevuka mahali pale mara nyingi tangu siku ile, lakini sikupata kamwe kuuliza ajali ile iliandikwaje.

Likizo hii nilikwenda kumwamkia mama yake. Baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunipa chai, nilimweleza habari ya mjadala wetu, kisha nikamwuliza kama jambo lile liliripotiwa polisi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, tungeripoti nini? Gari hatukuliona namba yake. Tulimpakia mtoto katika bajaji tukakimbia. Kule hospitali wakatuuliza habari ya PF3. Baba yake akaona tukirudi kituoni kutafuta karatasi mtoto atatufia mikononi. Akasema mtoto ameanguka. Wakaandika ameanguka."

Sikuweza kumaliza chai yangu.

Ndugu wasomaji, mwenzangu hakuhesabiwa. Katika daftari moja hayumo kabisa, na katika daftari jingine yumo kama mtoto aliyeanguka. Mwaka ule ulipokwisha, hesabu ilisomwa bila yeye. Na mimi, niliyekaa naye dawati moja, nilisimama ukumbini nikashangiliwa kwa kusoma hesabu za namna ileile.

Sisemi kwamba askari wetu wa usalama barabarani ni wavivu au waongo. Wao huandika yanayowafikia. Wala sisemi kwamba madaraja na mwendokasi ni kazi bure. Mtu aliyekuwa akingoja saa nzima pale Ubungo anajua faida yake. Ninalosema ni hili: hesabu moja ya mwaka, tena ya mji mzima au nchi nzima, haitoshi kutuambia kama tuko salama. Ni kama daktari aingie wodini, apime homa ya wagonjwa wote kwa kipimo kimoja, kisha atangaze kwamba wodi inaendelea vizuri. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho anaweza kufa wakati daktari anatangaza.

Dar es Salaam ni mji mkubwa, nao hukua upesi. Katika sensa ya mwaka 2012 ulikuwa na watu 4,364,541. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Maana yake, katika miaka 10 watu zaidi ya milioni moja waliongezeka, na wote hutembea, huvuka, hupanda daladala, bajaji na bodaboda. Kwa mji kama huu, swali la "Mwaka huu wamekufa wangapi?" ni la lazima, lakini halitoshi. Yafaa tuulize pia: Ni wapi? Saa ngapi? Alikuwa ndani ya gari, juu ya pikipiki, au kwa miguu? Alikuwa na umri gani? Hesabu ikijibu hayo, humwonyesha mhandisi mahali pa kupeleka koleo lake. Isipojibu, hufaa kusomwa katika mikutano tu, na katika mijadala ya watu kama mimi.

Sasa nitaeleza kwa nini mahali ni jambo kubwa, na nitatumia Fizikia tuliyofundishwa hapahapa. Sheria yaruhusu mwendo wa kilomita 50 kwa saa mjini. Gari linalokwenda hivyo hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Tuseme dereva anamwona mtoto, naye huchukua sekunde 1 kabla ya mguu wake kugusa breki. Katika sekunde hiyo gari limekwenda mita 14, nalo halijapunguza mwendo hata kidogo. Gari jingine linalokwenda kilomita 30 kwa saa litapita mita 8 katika sekunde ileile, na breki zake zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu, litasimama kabisa baada ya mita 5 nyingine. Jumla ni mita 13.

Tafadhali isome tena hesabu hiyo. Mtoto akiwa mita 13 mbele, gari la kilomita 30 limesimama. Gari la kilomita 50 litamgonga kabla dereva hajagusa breki, tena kwa nguvu karibu mara 3 ya ile ambayo gari la 30 lingekuwa nayo kama nalo lisingefunga breki. Hakuna dereva mwema wala mbaya katika hesabu hii. Kuna mwendo, basi.

Wengine husema mwendo hautapungua kwa sababu madereva wetu hawasikii. Mimi naona tuta linasikilizwa na kila dereva. Shirika moja liitwalo Amend limefanya kazi katika shule za msingi za Dar es Salaam kwa njia hii. Kwanza hutafuta ni shule zipi ambazo watoto wake wako katika hatari zaidi. Kisha hutazama njia wanazopita wanafunzi kwenda shule na kurudi. Halafu huweka matuta, alama za pundamilia, vibao, njia za miguu, na mahali pengine hata lango la shule huhamishwa lisielekee barabara kuu. Si vitu vya fedha nyingi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, iliyotolewa na kituo cha WRI Ross cha Marekani. Angalieni mpango wao: huanza kwa kuuliza ni wapi, kabla ya kuchimba.

Mji wa Oslo, katika nchi ya Norwe, mwaka 2019 ulipata kifo 1 tu cha barabarani, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa miguu wala wa baiskeli aliyeuawa. Mtaniambia Oslo ni mji wa matajiri, na mdogo kuliko wetu. Ni kweli. Lakini mtoto wa Oslo hana mifupa migumu kuliko mtoto wa Mbagala. Kule walipunguza mwendo wa magari karibu na shule, na jambo hilo hata sisi twaliweza.

Kuna hoja moja ambayo mpinzani wangu aliitoa muhula uliopita nami nikaicheka, nayo ni hii: kwamba twawalaumu watoto kwa kuvuka ovyo wakati hatukuwapa mahali pa kuvukia. Leo namwomba radhi mbele ya shule nzima. Mwenzangu hakuvuka ovyo. Alivuka pale tulipovuka wote kila siku, kwa kuwa shule ilikuwa ng'ambo na njia nyingine haikuwapo.

Lakini nisiwasemee wakubwa tu nikatusahau sisi wenyewe. Siku ya kufunga shule, wangapi kati yetu hupanda mshikaki, watu watatu juu ya bodaboda moja na sanduku juu, mradi tuwahi basi? Mimi nimepanda. Wangapi hushangilia dereva wa basi anapolipita basi la shule nyingine kilimani? Nimeshangilia. Tukirudi bwenini salama twasema Mungu ametujalia, kisha muhula ukifika twarudia yaleyale.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu. La kwanza, shule yetu na iwe na daftari. Kila mwanafunzi atakaporudi kutoka likizo aandike ajali aliyoiona au kuisikia kijijini au mtaani kwake: mahali, saa, na aliyeumia alikuwa akisafiri namna gani. Majina hayahitajiwi. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na ramani, na Mkuu wa Shule anaweza kuipeleka kwa wanaohusika.

La pili, daftari la hospitali na daftari la polisi yakutanishwe kila mwezi, ili mtoto aliyegongwa asiandikwe kwamba ameanguka. Na mzazi aliyebeba mtoto mahututi ajue wazi kwamba mtoto atatibiwa kwanza, karatasi itafuata. Akilijua hilo, hatakuwa na sababu ya kusema uongo.

La tatu, kila shule iliyo kando ya barabara kuu, ya msingi au ya sekondari, iwekewe tuta, kivuko na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Isingojewe mpaka afe mtoto ndipo koleo liletwe.

Katika mjadala ule upande wangu ulipata kura 212, na upande wa pili 87. Kama katiba ya Chama yaruhusu, naomba kura yangu ihamishwe. Najua haitabadili matokeo. Lakini likizo ijayo nitakwenda tena kumwamkia yule mama, na nataka nimwambie kwamba mahali fulani, katika daftari fulani, mtoto wake ameandikwa sawasawa. Daftari hilo nimekwisha kulinunua. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mimi.

Atakayenipinga, nafasi ya kujibu ipo katika toleo lijalo.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne