Texas: Gugu lilikwisha, tatizo likabaki

Wakazi wa Kisumu, Mwanza na Entebbe, waliozoea kuona gugu maji likiziba bandari zao, huenda wakashangaa kusikia kwamba jimbo tajiri la Texas nchini Marekani limepambana na adui wa aina hiyo kwa miongo kadhaa.

Ziwa Conroe, kaskazini mwa Houston, si ziwa la asili. Ni bwawa lililokamilika mwaka 1973 ili kuuhakikishia mji huo maji. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 likaota humo gugu liitwalo haidrila, ambalo hushika mizizi chini ya maji, hupanda hadi juu na kufunga njia za mashua. Kufikia 1981 lilikuwa limetanda katika zaidi ya theluthi moja ya ziwa.

Wenye nyumba ufukweni walitaka liondolewe lote. Wavuvi wa ndoana walitaka libakizwe kiasi, kwani samaki wachanga hujificha humo. Hatimaye, kati ya 1981 na 1982, samaki wala nyasi wapatao 270,000, wenye asili ya Asia, walimwagwa ziwani. Haukupita muda mrefu kabla ya majani yote kwisha.

Samaki hao hawakubagua gugu na mmea wa asili. Tena rutuba iliyokuwa ikinyonywa na majani ilibaki majini na kulisha mwani, hata maji yakapoteza uangavu wake. Haidrila iliporejea, samaki tasa walitumiwa kwa awamu kuanzia 2006. Gugu likatoweka karibu lote, lakini mimea ya asili nayo ikaliwa kwa wingi.

Njia yenye kuchagua zaidi imefanyiwa kazi Lewisville, karibu na Dallas. Huko Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kina kituo ambacho kimekuza mimea ya asili ya kupandwa upya maziwani, pamoja na wadudu wadogo, jamaa ya fukusi, wanaokula salvinia, gugu lielealo lililogunduliwa Texas mwaka 1998. Mdudu huyo hana haja na mmea mwingine. Udhaifu wake ni baridi: majira makali huwaua wengi, ikalazimu kuachia wengine.

Ziwa Victoria halina baridi hiyo. Fukusi wa aina nyingine waliachiwa humo katikati ya miaka ya 1990, na mwishoni mwa muongo huo gugu maji lilikuwa limepungua sana. Hata hivyo limerudi mara kwa mara, hasa Ghuba ya Winam, kwa kuwa mito ingali inashusha mbolea, udongo na maji taka.

Chanzo ni kimoja, hasara hailingani. Wengi wa wenye mashua Conroe hupoteza burudani ya mwisho wa juma. Katika ufuo wa Dunga, Kisumu, upepo ukilisukuma gugu pwani, mashua za wavuvi hazitoki.