Soya haijilimi yenyewe, jamani



Juzi usiku rumu kwetu kuliwaka ubishi, na ajabu ni kwamba haukuwa wa Simba na Yanga. Jamaa mmoja anayejiandaa kwenda fildi Ruvuma alisema kwa kujiamini kabisa: "Mi wakulima nitawaambia walime soya tu, soya haihitaji mbolea, inajitengenezea yenyewe." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilibisha mpaka nikaambiwa nilale. Sasa nabishia hapa, ambapo hakuna wa kunizimia taa.

Aliyosema yana ukweli nusu. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hivyo, maana atomi zake mbili zimeng'ang'aniana vibaya sana. Kiwanda kikitaka kuzitenganisha ili kitengeneze urea kinahitaji joto la nyuzi 400 na zaidi, na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida mara mia na ushee. Bakteria ndani ya kinundu cha mzizi wa soya anafanya kazi hiyo hiyo kwenye udongo wa kawaida, kimya kimya. Hafanyi bure: mmea unamlipa sukari, tena nyingi. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilionyesha jambo hili mwaka 1886, na Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe mwaka 1888. Haya wote tumeyakariri, na mtihani tumefaulu.

Ila soma tena hapo juu. Anayefanya kazi ni bakteria, siyo soya! Na je, huyo bakteria yupo kwenye shamba la huyo mkulima wa Ruvuma?

Soya asili yake ni China. Huku kwetu ililetwa Amani mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Kunde na karanga hazina makuu, zinakubaliana na bakteria wengi tu waliomo kwenye udongo wetu. Soya nyingi zinachagua. Zinamtaka hasa Bradyrhizobium japonicum na ndugu zake wachache, na pasipolimwa soya kabla mara nyingi hao hawapo, au wapo kiduchu. Ni mgeni aliyekuja na kufuli, ufunguo akauacha kwao. Ndiyo maana watafiti wa IITA kule Nigeria walianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzalisha mbegu zisizochagua, zile zenye majina yanayoanzia na TGx. Kwa hiyo ukikutana na mkulima, swali la kwanza ni mbegu gani anapanda. Jibu ndilo litakuambia kama anaweza kutegemea bakteria wa hapo, na hata hizo TGx mara nyingine zikiongezewa bakteria zinafanya vizuri zaidi.

Mjomba wangu alipelekewa mbegu za soya na watu fulani, wakampa na hiyo hotuba ya "haihitaji mbolea". Pakiti ya bakteria hakupewa, wala hakuambiwa kama kuna kitu kama hicho. Soya ikaota vizuri, ikafika magotini ikawa ya njano. Waliporudi wakamwambia hakupalilia kwa wakati. Mzee wa watu akakubali! Mtu aliyelima tangu hata mama yangu hajaolewa anaambiwa hajui kupalilia, na anakubali kwa kuwa anayesema ana kalamu mfukoni. Hapo ndipo ninapokasirika. Sisi ndio tutakuwa wale wenye kalamu.

Wenzetu Brazil walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mama mmoja, Johanna Döbereiner, aliyefia huko mwaka 2000, alisukuma tangu zamani kwamba soya yao itegemee bakteria badala ya mbolea ya naitrojeni, na leo Brazil inaongoza duniani kwa soya. Mwaka 2025 mwanasayansi mwingine wa huko, Mariangela Hungria, alipewa World Food Prize kwa kazi ya bakteria hao hao. Lakini mkulima wa kule ananunua bakteria anawapaka kwenye mbegu. Hakuna aliyemwambia watakuja wenyewe.

Huku napo bidhaa hizi siyo ngeni. SUA walishatengeneza yao ikaitwa Nitrosua, na Kenya wana Biofix. Shida ni kwamba kilichomo ndani ya pakiti ni viumbe hai. Ukiiweka dukani chini ya bati linalowaka jua, unamuuzia mkulima maiti. Kwa maoni yangu, duka la pembejeo lisilo na mahali pa baridi lisiuze kabisa, bora mkulima akose akijua amekosa.

Kuna na hii ya "soya inarutubisha udongo". Pigeni hesabu. Tani moja ya soya, protini yake ikiwa karibu asilimia 40, inaondoka shambani na naitrojeni kama kilo 60. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Yaani kila tani inayopanda lori ni zaidi ya mifuko miwili na nusu. Bakteria wasipofanya kazi, hizo zimetoka kwenye udongo wa mjomba. Na hata wakifanya kazi, fosforasi hawatengenezi, hiyo lazima itoke mahali.

Basi mnaokwenda fildi, ombi langu ni hili. Soya ikianza kutoa maua, msing'oe, chimbeni mmea taratibu na udongo wake, muoshe mizizi, mkate vinundu kwa kucha au wembe. Ndani pakiwa pekundu au pinki kama nyama mbichi, kazi inaendelea. Pakiwa peupe au pa kijani, au vinundu havipo kabisa, msimsingizie mtu jembe. Mwelekezeni msimu ujao apate pakiti nzima, alowanishe mbegu kidogo kwa maji yenye sukari, achanganye ule unga kivulini, apande siku hiyo hiyo na afukie haraka. Mkulima mwenyewe ashike huo wembe, aone rangi kwa macho yake.