Mbona hadithi inaanzia katikati?

Larry Elder, mmoja wa waandaaji wa filamu ya Uncle Tom (2020), hushikilia kwamba posho za serikali ziliwafukuza akina baba weusi majumbani. Hapo ana hoja kiasi: majimbo kadhaa ya Marekani yalimnyima mama posho akikutwa na mwanamume ndani, hadi Mahakama ya Juu ilipokataza mwaka 1968. Lakini kuna yaliyotangulia: pensheni ya serikali ya mwaka 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa ndani, yaani weusi wengi wa Kusini. Mitaa ya weusi nayo ikapakwa nyekundu kwenye ramani kuwaonya wakopeshaji, mikopo ya nyumba ikawapita. Rais Clinton alizibana posho mwaka 1996, lakini pengo la mali kati ya weusi na weupe bado lipo! Itazameni filamu hiyo, jamani, ila msiishie hapo.